Kiota cha hariri Kakamega: kikatwe lini?

Katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kuna nondo anayetoa hariri bila kufugwa na mtu yeyote. Wataalamu wanamwita Anaphe panda. Viwavi wake hukua pamoja, hutembea pamoja, na wakikomaa hujifumia kiota kimoja cha rangi ya kahawia juu ya tawi, wakajifungia humo kwa miezi kadhaa. Kiota hicho kina pesa. Kikichemshwa na kuchambuliwa hutoa nyuzi za kusokotwa, na nyuzi zikafumwa skafu na mitandio. Kwa hiyo mwanakijiji anayekiona mtini ana uamuzi wa kufanya papo hapo: akikate leo, au akiache?

Swali hili linaonekana dogo, na katika mazungumzo mengi kuhusu hariri ya mwituni hupitwa haraka ili watu wafike kwenye soko na mashine. Mimi naona ndilo linalobeba kisa chote. Hariri ya Kakamega itadumu au itakwisha kulingana na siku ambayo panga linagusa tawi. Kuelewa kwa nini, inabidi kumfuata mdudu mwenyewe hatua kwa hatua, katika msitu wake.

Mahali na mti

Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu ya mvua inayotokea Kongo na Afrika Magharibi. Uko juu, kuanzia mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana hali yake si ya joto la mabonde ya Kongo. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 11 za Selsiasi, mchana hupanda hadi nyuzi 26 au 27. Mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikianza Machi au Aprili, na kiangazi chenyewe ni cha Desemba hadi Februari. Eneo lililotengwa kisheria ni kilomita za mraba 240 hivi, lakini msitu wa asili uliobaki ni karibu nusu tu. Sehemu nyingine ni nyasi, miti ya kupandwa na chai. Pembeni mwake kuna mashamba ya Waluhya, madogo na yaliyobanana, katika mojawapo ya maeneo ya mashambani yenye watu wengi zaidi nchini Kenya.

Ndani ya msitu huo nondo wetu anategemea mti mmoja, Bridelia micrantha, ambao Tanzania wengi wanaujua kwa jina la mwiza. Ni mti wa wastani, wenye miiba kwenye shina na matawi machanga. Majani yake yanatambulika kwa mishipa iliyonyooka inayokimbia sambamba hadi ukingoni, na yakizeeka hugeuka manjano au mekundu kabla ya kudondoka. Unapenda mwanga: utaukuta ukingoni mwa msitu, kandokando ya mito, na mahali ambapo mti mkubwa umeanguka ukaacha uwazi. Ndege hula matunda yake meusi madogo na kusambaza mbegu.

Tabia hiyo ya kupenda ukingo ina faida na hasara. Faida ni kwamba mti huota hata pale msitu uliposumbuliwa, kwa hiyo nondo hakosi chakula moja kwa moja msitu unapopungua. Hasara ni kwamba ukingo ndipo watu walipo. Mbao za mwiza ni ngumu na mchwa hawazipendi, kwa hiyo hukatwa nguzo; matawi huwa kuni; gome huchunwa kwa dawa ya tumbo. Mti unaomlisha nondo ndio ulio karibu zaidi na panga.

Mwaka wa nondo mmoja

Tunachokijua kuhusu maisha ya mdudu huyu Kakamega kimetokana hasa na kazi ya icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Watafiti wake walimfuatilia katika sehemu mbili za msitu: Ikuywa, penye miti ya asili, na Isecheno, penye mchanganyiko. Takwimu walizopata zinastahili kusomwa polepole, kwa sababu jibu la swali letu limo ndani yake.

Jike hutaga mayai yake kwa kishada, kisha huyafunika kwa manyoya anayoyang'oa kwenye ncha ya tumbo lake mwenyewe. Mayai hukaa siku 40 hadi 45 kabla ya kuanguliwa. Huo ni muda mrefu. Kiwavi wa hariri wa kufugwa, yule anayekula majani ya mforosadi, huanguliwa ndani ya wiki mbili hivi yai likishaanza kukua. Kwa mwezi mmoja na nusu kishada cha Anaphe kinakaa palepale kwenye jani, na kinga yake ni manyoya ya mama tu.

Viwavi wakitoka hawatawanyiki. Hulala wamerundikana, hula pamoja, na wakimaliza majani ya tawi moja huhama kwa msafara, kila mmoja akifuata nyuma ya mwenzake juu ya uzi mwembamba wa hariri unaoachwa na wa mbele. Hupitia hatua saba, wakijivua ngozi baada ya kila hatua. Wakati wa kiangazi ukuaji huo huchukua siku 83 hadi 86. Wakati wa mvua, siku 112 hadi 118. Tofauti ni ya karibu mwezi mzima kwa mdudu yuleyule, kwenye mti uleule. Mtu aliyezoea kalenda ya kuku au mahindi anaweza kudhani viwavi wa msimu wa mvua ni wagonjwa au wamedumaa, kumbe wanakwenda kwa mwendo wa hali ya hewa ya juu, yenye mawingu na ubaridi.

Wakikomaa, kundi hukaa mahali pamoja na kuanza kufuma. Kiota kilichokatwa katikati kinaeleza kazi hiyo vizuri kuliko maneno. Nje kuna tabaka gumu linalokwaruza, mfano wa karatasi ya mfuko wa saruji. Chini yake kuna hariri laini iliyolegea. Halafu linakuja tabaka jingine gumu zaidi, limebanwa hadi linang'aa kidogo, na ndani yake ndimo vilimo vifukofuko vyenyewe, kimoja kimoja, vimepangwa vimebanana, kila kimoja na pupa wake, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kugeuka nondo. Katikati ya tabaka hizo zote mna nywele za viwavi, fupi na kavu, ambazo zikiingia kwenye ngozi huwasha vikali. Anayevuna bila glavu na bila kufunika uso hataisahau siku hiyo. Mimi naiheshimu kinga hiyo: mdudu asiye na sumu ya kuuma wala mbio za kukimbia amejijengea ukuta, na ndani ya ukuta ametia upupu.

Baada ya hapo ndipo unapokuja muda mrefu kuliko yote. Pupa hukaa kiotani siku 107 hadi 138 katika msimu wa kiangazi, na siku 158 hadi 178 katika msimu wa mvua. Jumlisha mwenyewe kwa vipimo vya mvua: mayai siku 40 na ushee, viwavi karibu miezi minne, pupa miezi mitano hadi sita, na nondo mwenyewe siku 4 hadi 6 tu. Unapata karibu mwaka mmoja, na nusu yake nzima imepita ndani ya kiota. Hata kwa vipimo vya kiangazi, ambavyo ni vifupi, sehemu ya pupa inakaribia nusu.

Nondo wanaotoka ni weupe wa maziwa, wana mistari ya kahawia iliyokolea kwenye mabawa na mwili wenye manyoya mengi. Huanza kutoka katikati ya Oktoba na kuendelea hadi katikati ya Mei, kwa vipindi viwili ndani ya muda huo. Katika siku zao chache lazima wapandane, jike atafute mti ufaao, atage. Majike huelekea kuishi muda mrefu kidogo kuliko madume. Siku 4 hadi 6 si muda wa kuvuka mashamba mengi. Kama hakuna mwiza jirani, uzao umeishia hapo.

Mahali wanapofia

Mpaka hapa nimeeleza maisha ya wale wanaofaulu, na wengi hawafaulu. Siafu na sisimizi hushambulia mayai na viwavi wadogo. Kuna nyigu wadogo na nzi wanaotaga mayai yao ndani ya viwavi au pupa, na watoto wa wavamizi hao hula mwili kutoka ndani. Ndege hula viwavi, na mvua kubwa huwaangusha. Viwavi wanaoishi kwa kurundikana wakipata ugonjwa huambukizana haraka.

Watafiti walijaribu jambo rahisi. Walichukua kitambaa cha neti, wakakishona mfano wa mkono wa shati refu, wakakivika tawi lenye viwavi na kukifunga pande zote mbili. Viwavi wanaendelea kula majani ya mti ulio hai, wanapata hewa na mvua yao, lakini nyigu, nzi na ndege hawafiki. Majani yakiisha, kundi linahamishiwa tawi jingine. Waliovikwa neti walifikia hatua ya kiota kwa kiwango kikubwa mno kuliko walioachwa wazi.

Matokeo hayo yanafurahisha, lakini nadhani yamechukuliwa kana kwamba yanamaliza tatizo. Neti inamlinda kiwavi dhidi ya maadui wa asili kwa miezi mitatu au minne. Haimlindi pupa dhidi ya mvunaji kwa miezi mitano inayofuata. Ukiongeza idadi ya viota kwa neti, halafu vyote vikakatwa pupa wakiwa hai ndani, umeongeza mavuno ya msimu mmoja na kuondoa msituni kizazi ambacho kingetaga kwa ajili ya msimu ujao. Tena umekiondoa kwa ufanisi zaidi kuliko nyigu, kwa sababu nyigu huwa hawamalizi kila kiota.

Kinachopotea kwa kungoja

Sasa turudi kwa mtu aliyesimama chini ya mti. Hoja ya kawaida ya kukata mapema imetoka kwenye hariri ya mforosadi. Huko pupa huuawa kwa joto kabla hajatoka, kwa sababu nondo akitoboa kifukofuko hukata uzi, na thamani yote ya hariri ile iko kwenye uzi mmoja usiokatika, ambao unaweza kufika urefu wa kilomita moja. Mfugaji anayengoja nondo atoke amepoteza daraja la juu la bidhaa yake.

Hariri ya Anaphe haifanyi kazi hivyo. Hakuna anayeweza kuifungua uzi mmoja mrefu kutoka kwenye kiota kile, kwa kuwa viwavi wengi wamefuma pamoja, nyuzi zimepishana na kugandamana kwa gundi yao. Kiota huchemshwa kwa maji yenye magadi hadi gundi itoke, huoshwa, hukaushwa, huchambuliwa kwa mikono au kwa vitana, kisha husokotwa kama pamba. Kazi hii ya kusokota huko Nigeria ina historia ndefu: Wayoruba wamefuma kitambaa cha sanyan kwa hariri ya jamaa za nondo huyu, na ni nguo ya heshima. Kwa njia hii ya kusokota, tundu alilotoboa nondo wakati wa kutoka halina madhara. Kiota kitupu ni mali sawa na kiota chenye pupa, na kwa kweli kina nafuu, kwa sababu mchemshaji hana mizoga ya pupa ya kutenganisha na hariri.

Hili ndilo linalonifanya nione kwamba kisa cha Kakamega kina suluhisho kuliko visa vingi vya mali ya misitu. Anayekata mti wa mbao au kuwinda paa hawezi kupata alichokitaka na bado akaiacha mali yake ikiwa hai. Mvunaji wa Anaphe anaweza. Msitu unamdai subira tu.

Lakini subira nayo ina gharama, na haifai kumlaumu mkulima kwa kutokuwa nayo. Karo ya shule inadaiwa Januari, wakati pupa wengi bado wamo ndani. Mnunuzi akifika leo hana ahadi ya kurudi Mei. Kubwa zaidi, kiota kilicho msituni si cha mtu: nikikiacha mimi kwa kuheshimu nondo, jirani yangu atakipitia kesho asubuhi. Katika hali hiyo anayesubiri ndiye anayepoteza, na wenye busara wote hujikuta wanakata mapema. Kipo pia kikwazo kidogo cha upande wa pili: kiota kilichoachwa mno baada ya nondo kutoka hupigwa na jua na mvua, kikachafuka na kuchakaa. Kwa hiyo kuna kipindi maalumu, baada ya nondo kutoka na kabla ya kiota kuharibika, na ni vigumu kukilenga ukiwa unapita msituni mara mojamoja.

Jibu ninalolitetea ni kutenganisha kukata na kuua. Kiota kinaweza kukatwa pamoja na kipande cha tawi lake, viwavi wakishafunga kabisa na kugeuka pupa, kikapelekwa nyumbani na kuning'inizwa kwenye banda lenye kivuli lililozungushiwa neti, mbali na moshi wa jikoni na mahali siafu hawapandi. Pupa hawahitaji chakula wala mti. Wanahitaji hewa, ubaridi wa kawaida wa pale, na kutoguswa. Tangu hapo kiota kina mwenyewe, jirani hawezi kukichukua, na aliyekikata hana sababu ya haraka. Nondo wakianza kutoka, banda hufunguliwa jioni kwenye ukingo wenye miti ya mwiza, au wanaachwa watage ndani na vishada vya mayai vikapachikwa kwenye matawi yatakayovikwa neti. Kisha kiota kitupu kinauzwa.

Hapo lipo pengo la miezi mitano kati ya kukata na kuuza, na mtu peke yake haliwezi. Kikundi kinaliweza. Kikundi kinachonunua viota kwa wanachama wakati wa kukatwa, kikalipa sehemu ya bei papo hapo na nyingine nondo wakishatoka, kinaondoa shinikizo la karo bila kumwua mdudu. Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, zinaruhusu vyama vya jamii kushirikiana na Shirika la Misitu katika kusimamia msitu na kutumia mazao yake, kwa hiyo msingi wa kupatana nani avune wapi upo tayari. Lililobaki ni kuliandika jambo la nondo ndani ya makubaliano hayo: hakuna kiota kinachoingia sokoni kikiwa na pupa hai ndani. Ukaguzi wake ni rahisi mno. Kiota ambacho nondo wametoka kina matundu na ni chepesi. Chenye pupa ni kizito.

Miti nayo isisahaulike. Viwavi wa kundi moja wanaweza kumaliza majani ya mti mdogo wote, na mti huo huchipua tena, ila hauwezi kulisha makundi mawili mfululizo. Anayetaka kuvika neti tawi msimu hadi msimu anahitaji miti kadhaa, na Kakamega ardhi ni haba. Mwiza hufaa mpakani mwa shamba na kandokando ya vijito, mahali ambapo mahindi hayapandwi hata hivyo, na ukiwa huko unazaa pia nguzo na kuni ambazo zingetoka msituni. Mimi ningeanza na vijito, kwa kuwa vinaunganisha mashamba na msitu, na jike mwenye siku tano za kuishi anahitaji njia yenye mti baada ya mti.

Niongeze tahadhari moja kwa wale wanaopendekeza pupa waliwe au walishwe mifugo ili kiota kisipotee bure. Wapo watu Afrika wanaokula viwavi na pupa wa jamii ya Anaphe kwa ladha na protini yao. Lakini Nigeria, ulaji wa Anaphe venata kwa watu wenye lishe duni umehusishwa na ugonjwa wa msimu wa kuyumba na kutetemeka, kwa sababu mdudu huyo ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini, na moto wa kawaida wa jikoni haukimalizi. Pendekezo hilo linampa mvunaji sababu mpya ya kukata kiota kikiwa na pupa hai ndani, juu ya hatari hiyo ya afya.

Kwa kikundi kitakachotaka kuanza, mwezi mzuri ni Septemba, kabla nondo wa kwanza hawajatoka katikati ya Oktoba. Banda liwe limesimama, neti zimeshonwa, na miti ya mwiza ya eneo hilo imehesabiwa, pamoja na kuandikwa upo wapi kila mti wenye kiota. Daftari hilo la miti lina thamani kuliko mzani, maana viota havitapakai sawasawa msituni: kuna pembe zina vingi na pembe hazina hata kimoja. Pembe yenye vingi ndiyo ya kuachiwa robo au theluthi ya viota vyake mtini bila kuguswa kabisa, hata kama banda lina nafasi.